Dresa Aliyebaki Nje ya Mlango

Kijijini kwetu Ulemo mfunga vidonda wetu tulimwita Bwana Dresa, na hata wajukuu zake ukiwauliza jina la babu yao watafikiri kwanza. Ukimkaribisha nyumbani, kabla hajakaa, mkono wake ulikuwa umeshakwenda nyuma ya mlango kutafuta furushi. Furushi lenyewe alikuwa ameliamuru yeye, kila kaya iwe nalo: vipande viwili vya kaniki iliyochemshwa na kuanikwa juani, kamba pana ya ngozi iliyolainishwa kwa samli, na kijiti kigumu chenye urefu wa kiganja. Akilikuta alisema, "Haya, sasa nipe kigoda." Asipolikuta aliondoka bila kunywa hata maji, na kesho yake jumbe angekuita ujieleze. Mimi aliniondokea mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeichukua ile kaniki nikambebea mtoto, na nilimkasirikia sana, kwa sababu wakati ule wa Vita Kuu ya Pili nguo ilikuwa adimu na watu wengine walikuwa wamerudia kuvaa ngozi.

Alikotoka na baba yake alikuwa nani, hayo watasema wenye ukoo wake. Kwangu mimi alianza siku aliporudi kutoka vita vya Uhabeshi, akiwa na sikio moja lisilosikia na mkoba wa turubai. Huko vitani alikuwa mbeba machela. Serikali ilimpa kibanda cha bati na sanduku la dawa, lenye iodini, kwinini, haluli na pamba, ikamwambia atibu watu. Yeye akaiona kazi hiyo ni nusu ya kazi.

"Dawa ni ya yule aliyenifikia," alituambia barazani. "Mimi shida yangu ni yule anayeishia njiani."

Na kweli njia ilikuwa ndefu. Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa kutwa nzima kwa watu wanne wenye machela, tena kama mto umekubali kuvukwa. Kwa hiyo alianza kuwafunza wanaume. Kila Jumapili baada ya ibada aliwapanga uwanjani, Wakristo na Waislamu pamoja, akamlaza mmoja chini, akampaka udongo mwekundu mguuni, akasema huyu anavuja damu, mna muda wa kuimba ubeti mmoja tu. Machela aliwafundisha kutengeneza kwa ngozi ya ng'ombe na miti miwili. Siku moja alimlaza jumbe mwenyewe juu ya machela, mzee mnene, na wale wabebaji wakachekeana, wakamwangusha. Tulidhani Bwana Dresa ataomba radhi. Badala yake aliwageukia wabebaji akawaambia, "Mmeua," na jumbe akiwa bado chini ndani ya vumbi akaitikia, "Kweli, wameniua."

Hata yowe alilitengeneza upya. Yowe letu la zamani lilikuwa moja tu, la mwizi wa ng'ombe, la fisi, la moto, la msiba, na mtu akilisikia alikimbia na mkuki. Yeye alitaka yowe la damu liwe fupi fupi, mara tatu, ili anayekuja aje na furushi. Tulilicheka. Wazee walisema anatuchuria, kwamba mtu anayelala na kamba ya jeraha nyuma ya mlango anaita jeraha lije limtafute. Yeye alijibu kwamba vitani amelala miaka miwili bila kamba, na majeraha yalimjia kila siku pamoja na kifungua kinywa.

Sijui kama alikuwa na hofu au la. Nadhani alikuwa nayo kuliko sisi sote, ila yake ilikuwa na kazi. Siku zile hofu ya kila mtu ilikuwa nyingi na haina pa kwenda. Vijana walichukuliwa jeshini, wengine wakachukuliwa kwa lazima kwenda kukata mkonge, mume wangu akiwa mmoja wao. Tulisikia kwamba ndege za adui zinaweza kufika hata huku, ingawa hakuna aliyejua zingetafuta nini katika uwele wetu. Mvua ilikosa, kisha ikaja yote kwa mara moja. Katika hayo yote, mtu anayekuambia chemsha kitambaa, lainisha kamba, weka mahali pamoja, alikuwa kama mtu anayekupa kazi ya kushika msibani. Ulinung'unika, lakini ulishika.

Misemo yake ilikuwa michache na aliirudia mpaka watoto wakaifanya mchezo. "Kwanza mkono, halafu mdomo." Maana yake ziba kwanza, kulia baadaye. "Damu haipigi hodi." Na ule aliousema kwa ukali kuliko yote: "Kamba ukiikaza, umeikabidhi kwa daktari. Si yako tena." Hapo alikuwa na ugomvi wake na kitabu. Kitabu alichopewa na serikali kilisema kamba ilegezwe kila baada ya robo saa, mguu upate damu. Yeye alisema vitani aliwaona waliolegezewa, na aliwabeba wakiwa wamefunikwa nyuso. Mzungu, daktari wa wilaya, alipokuja safari na kumsahihisha mbele yetu, Bwana Dresa alisimama wima kiaskari akajibu, "Ndiyo, bwana." Gari lilipoondoka alitugeukia. "Asilegeze mtu," akasema.

Nisimpake mafuta mengi. Alikuwa na mambo yake. Alituamuru kunawa mikono kwa maji ya moto na sabuni, halafu yeye akavuta ugoro juu ya kidonda cha mtu na kupiga chafya humo humo. Alikuwa na ulimi mchungu kwa mgonjwa mwoga, lakini yeye mwenyewe akichomwa na mwiba alimwita mkewe autoe, akatazama pembeni. Na wanawake hakutufundisha. Alisema mwanamume hawezi kumshika paja mke wa mtu uwanjani akimwonyesha kamba inapita wapi, kwa hiyo tutafundishwa nyumbani na waume zetu. Waume wenyewe walikuwa mkongeni. Mimi nilijifunza kwa kuchungulia, nikiwa napura uwele upande wa pili wa ua, nusu nikisikia na nusu nikikosa.

Jambo lililotuchekesha zaidi lilikuwa mambo yake na mama mkwe wake. Kwetu mkwe hatazamwi. Mama wa mke wako hukutani naye njiani, huli anapoona, huingii alipolala, na jina lake hulitamki. Mkikutana kwa bahati mbaya mmoja anaingia porini. Sasa huyu mama mkwe alikaa jirani nami, tembe moja kutoka kwangu, na kisima kilikuwa kimoja. Mtu aliyepita katikati ya risasi za Uhabeshi, nimemwona kwa macho yangu akirukia ndani ya minyaa na mkoba wake, eti kwa sababu ameona ncha ya kaniki ya yule mama ikitokea kwenye kona. Alitoka huko amechanika mikono, utomvu umemwingia jichoni. Mama mkwe naye alikuwa ameshageuka nyuma mbio, maji yote yamemwagika. Baadaye kila mmoja alituma watu kuuliza hali ya mwenzake. Walipendana sana wale wawili, kwa namna hiyo ya kukimbiana. Dresa akichinja mbuzi, mguu wa nyuma ulikwenda kwa mkwe. Yule mama akipata asali mpya, kibuyu cha kwanza kilikuja kwa Dresa. Nilikuwa nikitumwa mimi kupeleka, na kila upande uliniuliza, "Alipokea kwa furaha?"

Tembe zetu mnazijua. Paa lake ni bapa, miti imelazwa, na juu yake udongo. Kwa mvua ya siku moja halipati neno. Mvua ya wiki nzima udongo unakunywa maji, unakuwa mzito, na usiku na mchana unasikia miti inalalamika juu ya kichwa chako. Machi ya mwaka ule ilinyesha siku tisa. Siku ya tisa, alasiri, nilikuwa nasaga nikasikia kishindo, kisha nikasikia yowe fupi fupi, mara tatu. Nakumbuka nilifurahi kidogo kwamba kumbe watu walikuwa wamejifunza. Nikachukua furushi nyuma ya mlango nikakimbia.

Chumba cha mbele cha yule mama mkwe kilikuwa kimebomoka. Wazee wawili walikuwa wameshamtoa chini ya miti na kumwingiza chumba cha nyuma, ambacho paa lake lilikuwa bado limesimama, kwa sababu nje mvua ilimwagika kama imefunguliwa. Boriti iliyovunjika ilikuwa imemchana paja kwa juu, karibu kabisa na nyonga, na nguo yake ilikuwa imebaki chini ya kifusi. Wale wazee walikuwa wametoka nje mara moja kwa kuona haya. Ndani alikuwamo bibi mmoja asiyeona vizuri, amempakata kichwa. Wanaume waliofundishwa walikuwa kumi na wawili. Tisa walikuwa mkongeni, watatu walikuwa wamepeleka ng'ombe mbugani. Mkewe Dresa, ambaye ndiye binti wa mama yule, alikuwa amekwenda kwa dada yake, mwendo wa siku moja.

Bwana Dresa alifika akikimbia, matope mpaka kiunoni. Nilimsikia anauliza wazee, "Wapi?" na nikamsikia anakuja mlangoni. Mama mkwe naye alimsikia. Alikuwa amelala kimya, lakini hapo alijaribu kunyanyuka.

"Ni yeye?" akaniuliza.

"Ni yeye, mama. Amekuja kukusaidia."

"Asiingie. Mwambie asiingie. Mkwe asinione hivi."

"Mama, damu..."

"Nikifa, nife na heshima yangu. Mwambie."

Sikuhitaji kumwambia. Miguu yake ilisimama pale kizingitini, niliiona chini ya mkeka uliofunika mlango. Ilikaa hapo. Mguu mmoja ulikanyaga ndani ya kizingiti, kisha ukarudi. Mzee mmoja alimwambia kwa lugha yetu ya Kinyiramba kwamba hilo haliwezekani. Kisha nikaiona ile miguu inageuka, visigino vikatutazama. Alikuwa ametupa mgongo ili hata kwa bahati mbaya asione.

"Nani yumo ndani?" akauliza.

"Mimi, Bwana Dresa. Mama Elia."

"Una furushi?"

"Ninalo."

"Iko wapi damu? Usinitajie mahali, sema tu juu ya goti au chini."

Nilisema juu. Alinielekeza hatua moja moja, akipiga kelele kushinda mvua, akigeuza sikio lake zima kuelekea mlangoni na uso wake kuelekea mvuani. Kunja kaniki, ziba, kandamiza kwa uzito wako wote. Bado inatoka? Basi kamba. Pitisha juu ya jeraha, upande wa moyo. Funga fundo, weka kijiti, funga tena, zungusha. Zungusha. Nilizungusha mpaka vidole vyangu vikauma, na yule mama akauma kipande cha pili cha kaniki, na damu ikasimama. Nawaambia ilisimama. Nilipanguza kwa kiganja nikatazama, ikawa haitoki.

"Imesimama!" nikapiga kelele, nikacheka kama mwendawazimu.

"Asante," akasema Bwana Dresa. Kisha akarudia, "Asante, mama Elia. Sasa shika kijiti. Usilegeze. Hata akikulilia, usilegeze."

Wazee walifunga machela. Mmoja akaenda kutazama mto, akarudi akasema umejaa, hata ng'ombe hawapiti, tungoje. Tukangoja. Ile miguu ilibaki mlangoni. Mara kwa mara aliuliza, "Imekaza?" nami nikajibu, "Imekaza."

Ndipo yule mama alipoanza kunililia. Sijawahi kulieleza jambo hili vizuri, hata nafsini mwangu. Hakupiga kelele. Alisema polepole kwamba mguu unakufa, kwamba ni kama umewekwa motoni, kwamba nilegeze kidogo tu, nimhesabie pumzi kumi, kisha nikaze. Aliniita mwanangu. Yeye ndiye aliyenizalisha Elia. Nilimwambia Dresa amekataza. Akasema, "Dresa hauoni mguu wangu. Wewe unauona." Na ulikuwa mweusi, na wa baridi, na mimi nilikuwa mtu aliyejifunza kwa kuchungulia. Sikujua kwamba ule weusi ndio kazi ya kamba. Nikamwonea huruma, nikarudisha kijiti nyuma mizunguko miwili.

Akashusha pumzi, akasema, "Mungu akubariki." Damu ikaja. Nilikaza tena, lakini ngozi ilikuwa imelowa, kijiti kikateleza, fundo likafunguka lote. Nikafunga upya, nikafunga vibaya. Chini yetu palikuwa na matope ya mvua, damu iliingia humo na sikujua ni kiasi gani.

"Imekaza?" akauliza nje.

Hapo palitosha kusema neno moja. Angeniambia la kufanya. Pengine angeingia, mpaka leo sijui kama angeingia. Lakini alikuwa ameniambia asante mara mbili, na mimi nikaona aibu.

"Imekaza, Bwana Dresa."

"Na damu?"

"Haitoki."

Aliuliza hivyo mara nne zaidi na mara nne nilijibu hivyo hivyo. Mama yule alifariki mto ukiwa bado haujashuka. Bibi asiyeona vizuri ndiye aliyetambua kwanza, kwa uzito wa kichwa mapajani mwake. Yeye hakuwa ameona mikono yangu ilifanya nini, na naye hakuishi muda mrefu.

Mazishini wazee walimsifu Bwana Dresa. Walisema huyo ndiye mkwe, kwamba hata kifo hakikumvunja adabu, na wakasema watoto wetu wajifunze kwake. Mkewe alirudi akamlilia mama yake, na kwa mumewe hakusema neno baya, alimwambia tu, "Ulifanya inavyotakiwa." Nilimtazama Bwana Dresa usoni akipokea sifa zile. Alionekana kama mtu anayelishwa kwa nguvu. Walioosha maiti walimweleza kwamba damu ilikuwa imekwisha mwilini, imeingia yote katika matope aliyolalia. Akaja kwangu baada ya siku saba, akakaa bila kutafuta furushi nyuma ya mlango.

"Mama Elia, ulikaza kama nilivyosema?"

"Nilikaza."

"Wala hukulegeza."

"Sikulegeza."

"Basi kamba haikufaa," akasema. "Nilikuwa nawafundisha watu kitu kisichofaa."

Hivyo ndivyo uongo wangu ulivyoingia katika mafunzo yake. Tangu hapo aliwafundisha na wanawake, mkewe akiwa mwonyeshaji, yeye amesimama ametupa mgongo na kusema hatua kwa sauti. Alisema hatakufa tena mtu kwa sababu mwanamke hakufundishwa. Lakini alipita kaya kwa kaya akaondoa kijiti na kamba katika kila furushi. Kaniki tu ibaki. Kandamiza kwa mikono, alisema, mbebe, mwombe Mungu. Kamba inamdanganya mfungaji. Daktari wa wilaya alipouliza kwa nini watu hawana kamba, yule mtu aliyezoea kujibu "ndiyo, bwana" alijibu safari hii, "Hapana, bwana. Niliijaribu kwa mtu wangu." Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Nilikuwa mwanafunzi wake bora, na mara nyingi aliniita nionyeshe namna ya kukandamiza.

Nilitaka kumwambia. Msije mkadhani sikutaka. Mara moja nilikwenda mpaka kibandani kwake nikakuta watu. Mara nyingine nilimkuta peke yake nikamwomba dawa ya macho, nikaondoka na dawa ambayo sikuwa na haja nayo. Kila mwaka uliopita ulifanya neno lile kuwa gumu, kwa sababu sasa ningekuwa nakiri na ule mwaka pia.

Vita vilikwisha, mume wangu akarudi, Elia akaanza shule. Kiangazi kimoja mrina asali alianguka mtini na shoka lake, likamkata nyuma ya goti. Yowe lilipigwa fupi fupi, tukaja wengi, kila mtu na kaniki yake. Bwana Dresa alikandamiza kwa viganja viwili, magoti yake yote juu ya mguu wa yule mtu, na damu ikapita katikati ya vidole vyake bila haraka. Nilivua mtandio wangu, nikaukunja upana wa vidole vitatu, nikaokota kijiti, nikamnyooshea. Aliviangalia, kisha akaniangalia mimi kwa upole kabisa.

"Weka chini, mama Elia," akasema. "Hilo mimi na wewe tulishalijaribu."

Nikaweka chini. Mrina asali alikufa tukiwa tumembeba, hatujafika hata mtoni, na mto wenyewe ulikuwa mkavu. Nilitembea nyuma ya machela nimeushika ule mtandio. Kama kuna siku nilijichukia maishani, hata kuliko siku ya tembe, ni siku ile.

Alipozeeka aliacha kazi, akahamia Nduguti kwa mtoto wake. Kipindi hicho watu walikuwa wameanza kusema wazi kwamba Mwingereza anaondoka, na vijana walivaa beji za chama vifuani. Elia wangu alikuwa amekuwa mwalimu. Akanijia likizo moja na kitabu kipya cha huduma ya kwanza, akinisomea kwa kujigamba, na kitabu kilisema kamba ikifungwa vizuri pajani husimamisha damu. Alikuwa anajua nimefundishwa na Bwana Dresa. Akaniuliza kwa nini sisi tulifundishwa kwamba haifai.  Asubuhi ya pili nilipanda lori la pamba kwenda Nduguti.

Nilimkuta Bwana Dresa amekaa kivulini mwa ukuta, anabangua karanga kwenye ungo. Alikuwa amekonda, na lile sikio zima nalo lilikuwa linaanza kufa, kwa hiyo nilikaa karibu sana.

"Shikamoo, Bwana Dresa."

"Marahaba. Huyu ni mama Elia! Mama, njoo uone nani amekuja!" Mkewe alitoka akanikumbatia, akasema anaweka chungu motoni, lakini kwanza aende kisimani, mgeni hawezi kupewa maji ya jana. Akachukua ndoo. Tulibaki wawili. Nilijua nisipolisema kabla hajarudi, nitakufa nalo.

"Nililegeza," nikamwambia.

"Unasema?"

Nikasogea sikioni. "Ile kamba ya mama mkwe wako. Alinililia, nikalegeza. Kijiti kikaniponyoka. Uliponiuliza nikakudanganya. Haikuwa imekaza."

Mikono yake ilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, nilikuwa hata nimeitamani njia nzima. Nilipiga magoti kwenye maganda ya karanga. Alinitazama muda, si kwa chuki, kwa namna alivyokuwa akitazama kidonda kabla ya kukigusa.

"Kabla hujalegeza," akasema, "damu ilikuwa imesimama?"

"Ilikuwa imesimama."

"Kabisa?"

"Kabisa. Nilipanguza nikatazama."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka machela ikafungwa, mzee akaenda mtoni akarudi. Na zaidi."

"Basi kamba ilifaa," akasema.

"Ilifaa, Bwana Dresa. Nisamehe."

Sidhani kama hilo la mwisho alilisikia. Alikuwa ameweka ungo chini. Aliinua mkono wa kushoto, akakunja kidole cha mwisho.

"Mrina asali," akasema.

"Bwana Dresa, kosa ni langu. Wewe hukujua."

Akakunja cha pili. "Mke wa fundi cherehani." Akakunja cha tatu. "Yule mpita njia aliyepigwa pembe na ng'ombe." Hao wawili sikuwahi kuwasikia. Nilimshika ule mkono kwa mikono yangu miwili ili vidole visikunjike tena, naye akauondoa taratibu, akaendelea na mkono mwingine. Alinigeukia akauliza kama kweli anahitaji nimsaidie, "Yule wa panga, mwaka ule wa nzige, ilikuwa mkono au mguu?"

"Sijui, Bwana Dresa."

"Mkono," akasema. "Mkono ungefungika vizuri kabisa."

Alipofika kwa mtu wa saba mkewe alikuwa ameshaingia uani, ndoo kichwani. Alisimama akitusikiliza, anatabasamu, akifikiri tunakumbushana watu wa zamani. Nikainuka, nikaenda kumtua.

"Mnahesabu nani?" akaniuliza.

Nilishika ndoo ya yule binti wa marehemu, maji yakanimwagikia mikononi.